Jirani wa Wembley Asiye na Tiketi

Mtu anayetaka kujua machungu ya kulipia kitu asichokula ahamie Wembley, kaskazini-magharibi mwa London, apange nyumba karibu na uwanja, kisha asubiri mwanamuziki mkubwa atangaze ziara. Mwaka 2024 Taylor Swift aliileta ziara yake ya Eras hapa kwetu kwa maonyesho 8, matatu mwezi Juni na matano mwezi Agosti, akampita Michael Jackson ambaye mwaka 1988 aliujaza uwanja wa zamani mara 7. Uwanja wa sasa unachukua watu wapatao 90,000. Mimi sikuwa mmoja wao hata siku moja, lakini ninaamini kwa dhati kwamba nimeigharamia ziara ile kuliko wengi waliokaa mbele.

Nianze na gari. Siku ya onyesho barabara za mtaa wetu huwa za wenye kibali tu, na asiye nacho haruhusiwi kuegesha mpaka saa sita ya usiku. Shemeji yangu, ambaye kwa malezi yetu ya Tanga huwezi kumwambia asije, alifika Jumamosi ya tarehe 22 Juni akiwa na sufuria ya pilau, akazunguka mtaa baada ya mtaa huku amewasha taa za dharura, na mwishowe akanipitishia sufuria dirishani bila kuzima injini, akarudi kwake na njaa yake. Wakati huohuo jirani yangu wa mkono wa kulia, mzee mmoja mwenyeji wa Manchester, alikuwa amekodisha ua wa mbele wa nyumba yake kwa magari mawili ya wageni, na alisimama pale akihesabu noti huku akinieleza kwamba watu wazima wanaolia kwa ajili ya mwimbaji wanahitaji daktari.

Kuhusu tiketi, naomba nieleweke: tulijaribu. Lakini tiketi hizi hazinunuliwi kwa mtu kwenda dirishani na fedha mkononi. Mwaka mzima kabla ya onyesho unajiandikisha ili kuomba ruhusa ya kuomba. Kisha unachaguliwa au huchaguliwi, kama bahati nasibu. Aliyechaguliwa anatumiwa namba ya siri, na mwenye namba hiyo ndiye anayekaribishwa kwenye foleni ya intaneti ambayo haina mbele wala nyuma, ina kijimstari tu kinachotambaa kwenye skrini. Sisi tulipokea barua pepe yenye heshima nyingi ikituarifu kwamba tumewekwa kwenye orodha ya kusubiri. Ziara ilimalizika Vancouver tarehe 8 Desemba 2024, baada ya maonyesho 149 na mauzo ya tiketi yaliyozidi dola bilioni 2, na hadi leo hakuna aliyeniandikia kuniambia kwamba sasa naweza kuacha kusubiri.

Katika maonyesho hayo yote 149, hakuna hata moja lililofanyika barani Afrika, na hapo ndipo nilipopata mzigo mwingine. Binamu zangu wa Dar es Salaam wanajua ninakaa Wembley, kwa hiyo wakahitimisha kwamba kila onyesho mimi nimo ndani. Ujumbe ukaanza kuingia: huyu anataka fulana, yule anataka bango, mwingine anataka nimpigie simu ya video wimbo wake utakapofika. Nilipowaeleza kwamba sina tiketi, wakaelewana kwa haraka kabisa kuwa Ulaya imenibadilisha, nimekuwa mchoyo.

Halafu kuna shanga. Mashabiki wa mwimbaji huyu wana desturi ya kutunga vikuku vya shanga zenye herufi na kubadilishana na watu wasiowajua, na binti yangu, kwa imani kwamba tiketi ingepatikana dakika ya mwisho, aliagiza shanga za kutosha kufungua duka Kariakoo. Zilienea nyumba nzima. Niliikuta herufi ya T ndani ya maharage, tena kwa jino. Mama yangu mzazi, aliponisikia kwenye simu nikilalamika kuhusu bei ya shanga nilizonunua, alikaa kimya kwa muda, halafu akauliza kwa sauti ya chini, “Mwanangu, umeongeza mke?”

Wenye bahati zao nao walikuwepo. Mwanamfalme William alihudhuria onyesho la kwanza, tarehe 21 Juni, siku yake ya kuzaliwa, akiwa na watoto wake wawili, na picha waliyopiga na mwimbaji iliuzunguka ulimwengu. Waziri Mkuu Keir Starmer alipokea tiketi kama zawadi, na maswali yalipozidi akazilipia mwenyewe pamoja na zawadi nyingine, jumla zaidi ya pauni 6,000. Mimi wa kunipa zawadi ambayo baadaye nitalazimika kuilipia sina.

Mwezi Agosti mambo yalikaza zaidi. Maonyesho ya Vienna yalikuwa yamefutwa kwa sababu ya njama ya shambulio, ulinzi ukaongezwa kote, na sina ugomvi na hilo hata kidogo. Ila likatoka tangazo kwamba wasio na tiketi wasije kusimama nje ya uwanja kusikiliza. Basi tukasikiliza kutoka bustanini kwetu. Kinachofika kwetu ni ngoma na mayowe; maneno yanabaki kwa waliolipa. Mimi nimelelewa na taarabu, ambako wimbo mmoja unaweza kula robo saa nzima na msikilizaji aliyeguswa huinuka akaenda kumtunza mwimbaji mkononi, lakini haki isemwe: kuimba nyimbo zaidi ya 40 kwa zaidi ya saa tatu, kisha kurudia kesho yake, ni kazi, na yule dada anaifanya. Binti yangu aliimba zote, mke wangu akaitikia, nami nikafukuza mbu ambao sikujua kama London wapo.

Onyesho la mwisho lilikuwa tarehe 20 Agosti. Tarehe 27, kundi la Oasis la Manchester, lililovunjika mwaka 2009 kwa ugomvi wa ndugu wawili, likatangaza kwamba linarudi jukwaani mwaka 2025, na Wembley imo. Jumamosi ya tarehe 31, tiketi zilipoanza kuuzwa, mlango wangu uligongwa nikiwa sijamaliza chai: ni jirani wa mkono wa kulia, ana kompyuta kwapani, macho mekundu, anaomba kutumia intaneti yetu kwa sababu ya kwake inasuasua. Binti yangu akamwekea kiti, akamwelekeza asiufungue upya ukurasa hata ukionekana umekwama, akamletea na biskuti. Saa zikapita. Zamu yake ilipofika, tiketi ya kusimama iliyotangazwa kwa takriban pauni 150 ilikuwa imeshapanda na kuzidi pauni 350. Mzee akavua miwani, akanigeukia na kuniuliza kama hii ni haki kweli. Binti yangu akamjibu kwa upole, bila kuinua macho kwenye skrini, kwamba zimebaki dakika tatu za kulipa.