Viti vinane na gunia la makala: nafasi inayouzwa mara mbili

Familia ya Lubumbashi ikishafika watoto wanne, ushauri wa kununua motokari huja bila kuombwa, na huja kwa kambi mbili. Wa kwanza watakuambia jipu (jeep): Toyota Prado ukiweza, usipoweza basi X-Trail au RAV4, maana mvua zikianza mitaa ya Katuba na Ruashi gari la chini linabaki kwenye lupango, yaani uani kwako. Wa pili watakuambia Toyota Noah: viti vinane, milango ya kusukuma, mafuta nafuu, vipuri havisumbui. Mabishano haya nimeyasikia kwenye harusi, kwenye matanga na kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa, na kila mara anayeshinda ni mwenye sauti kubwa.

Mimi naona kambi zote mbili zina hoja, na zote zinaruka jambo lile lile. Muuzaji akikufungulia gari, kwanza hukunja viti vya nyuma ili uone uwanja wa mizigo. Halafu hukunjua viti na kuanza kuhesabu abiria. Yote mawili ni kweli, ila hayawi kwa wakati mmoja. Na huku kwetu mambo huja kwa wakati mmoja: Jumamosi ya kuwabeba watoto wote ndiyo Jumamosi ya unga, makala (mkaa) na bidoni (madumu) za maji.

Chukua Noah ya kizazi kilichotoka mwaka 2007. Ukiacha viti vyote vimesimama, kati ya mgongo wa kiti cha mwisho na mlango wa nyuma inabaki nafasi ya mikoba ya shule na labda bidoni mbili za lita 20 zikibanana. Gunia la makala haliingii. Ili liingie, safu ya tatu lazima iondoke: imegawanyika vipande viwili, kila kipande unakiinua na kukining'iniza ubavuni, upande wake. Vipande hivyo vinaziba madirisha, vinakula upana wa gari, na kwenye barabara ya mashimo vinagonga mpaka umkasirikie aliyekushauri. Wengi huishia kuving'oa na kuviweka stoo. Hapo Noah ya viti vinane imekuwa gari la watu watano lenye ukumbi mkubwa nyuma. Si vibaya, lakini sicho ulichokilipia.

Prado haikwepi jambo hilo. Ile ya 2002 hadi 2009, inayoitwa 120, nayo inaning'iniza viti vya nyuma ubavuni; iliyofuata, 150, inavilaza sakafuni, na hilo ni nafuu kubwa. Lakini ukisimamisha viti vyote saba, nafasi ya mizigo inabaki karibu lita 100. Kwa kalamu hizo ni bidoni tano. Kwa mikono, jaribu uone kama mlango utafunga. Sakafu ya pale nyuma iko juu, kwa hiyo mtu anakaa magoti yakitafuta kidevu. Mtoto wa miaka minane atacheka. Mjomba akikaa hapo mpaka Likasi, atashuka hasemi na mtu.

Kisha kuna uzito, ambao watu hawauulizi kabisa. Japani uzito wa juu kabisa wa gari la abiria hupigwa hesabu kwa kuchukua gari lenyewe na kuongeza kilo 55 kwa kila kiti. Viti vinane ni kilo 440, basi. Mizigo haimo katika hesabu hiyo. Sasa weka baba na mama, kilo 150 kwa pamoja, na watoto watano wa wastani wa kilo 35: tayari 325. Zimebaki 115. Mifuko miwili ya unga ya kilo 25, bidoni tatu za maji, na umebakiwa na kilo tano. Makala bado, mbwa bado, na bibi anasubiri mlangoni na beseni lake. Kinachozidi kinapanda juu kwenye keria, na gari refu lililobebeshwa juu ndilo linaloyumba ukilikwepesha shimo kwa ghafla. Prado ya Japani nayo ilipimwa kwa kanuni hiyo hiyo, ingawa fremu yake ya chuma, ya namna ya lori, inavumilia mengi zaidi.

Hapo jipu linaanza kupata haki yake, na sitaki kulidharau. Mvua zetu huanza karibu Novemba na kwenda mpaka Aprili. Udongo mwekundu ukilowa, barabara ya ndani ya mtaa inakuwa mfereji, na mfereji wenyewe unauvuka kwa ubao au bamba la chuma ili kuingia nyumbani. Tumbo la Noah liko karibu sentimita 16 kutoka ardhini ikiwa tupu. La Prado karibu 22. Ukijaza watu wanane, Noah inakaa chini zaidi, na kinachogusa kwanza ni bomba la moshi. Kuna Noah zinazovuta kwa magurudumu manne, na wauzaji huzisifu sana, lakini nguvu ya magurudumu manne hainyanyui tumbo. Mwenye shamba upande wa Kipushi au njia ya Likasi anajua kwamba lami haimsumbui. Zinazomsumbua ni kilometa za mwisho baada ya kuiacha.

Ila jipu linalipwa kila siku kwa ajili ya siku chache. Prado ya petroli ya injini ya 2.7 katika foleni za mjini itakunywa takriban lita 14 kwa kilometa 100, Noah takriban 11. Kwa kilometa 1000 za mwezi ni lita 30 za tofauti. Zidisha mwenyewe kwa bei ya pampu ya leo. Ukichukua ile ya V6 ya lita 4, usizidishe, utaumia bure. Na kama kutwa yako ni mtaa wa Bel-Air, shule, soko na kanisa, hizo lita 30 zinanunua heshima zaidi kuliko usafiri. Sisemi heshima haina kazi. Hapa mtu anayeshuka kwenye jipu anaitwa mkubwa kabla hajafungua mdomo, na wapo ambao biashara yao inahitaji hilo. Waseme tu hivyo, wasitusingizie watoto.

RAV4 na X-Trail nazipita haraka: nyingi za umri tunaoumudu zina viti vitano. Familia ya watoto wanne ikizinunua, mmoja anakaa mapajani kwa mama tangu siku ya kwanza.

Jambo ninalolipa uzito kuliko yote ni mlango. Kongo tunaendesha kulia. Japani wanaendesha kushoto, na Tanzania na Zambia pia, kwa hiyo gari linaloshuka Dar es Salaam au Durban na kupanda mpaka kwetu linafika na usukani wa kulia. Habari ya usukani inajulikana: kwenye njia ya Kasumbalesa, nyuma ya malori ya shaba, dereva haoni mbele mpaka nusu ya gari iwe imeshatoka. Anayeona ni aliyekaa kushoto, mara nyingi mama, shingo imenyooka dirishani: "Pita, baba... ngoja, ngoja, kuna mwingine!" Ndoa imekuwa kioo cha pembeni.

Lakini mlango hauzungumzwi. Noah za zamani, zile za kabla ya 2001, zina mlango mmoja tu wa kusukuma, nao uko kushoto. Kwa Mjapani ni sawa kabisa, kwa sababu kushoto kwake ndiko kwenye ukingo wa barabara. Huku ukisimama kulia mbele ya shule, mlango huo unafunguka katikati ya barabara. Watoto wanashuka mmoja mmoja, mikoba mgongoni, kwenye njia ya pikipiki. Hiace nyingi zilizotoka Japani ni hivyo hivyo, na taksi-basi zetu tunazishukia kila siku tukiangalia nyuma. Noah ya kuanzia 2001 ina milango ya kusukuma pande zote mbili. Kwangu hiyo peke yake inatosha kukataa ile ya zamani, hata ikiwa nusu bei na rangi inang'aa.

Milango ya kusukuma ina faida nyingine ambayo jipu halina: haihitaji nafasi. Lango la shule saa sita na nusu, magari yamebanana, mtoto wa miaka sita akifungua mlango wa Prado anaupiga wa jirani, au mbaya zaidi, anampiga mwenye pikipiki kifuani. Upande huu Noah inashinda bila kelele.

Mikanda nayo ichunguzwe. Katika magari mengi ya Japani ya miaka hiyo, kiti cha katikati kina mkanda wa kiunoni tu, usiopita begani. Kiti cha kumnyanyulia mtoto kinahitaji mkanda unaopita begani, kwa hiyo mahali hapo hakifai. Kwa maneno mengine, viti vinane vya mkataba ni vitano au sita vya mtoto aliyefungwa vizuri. Na gunia lisilofungwa nyuma yao, gari likigonga, linaendelea mbele kwa mwendo ule ule gari liliokuwa nao.

Je, hakuna gari lisilouza nafasi mara mbili? Yapo mawili yanayokaribia. Toyota Sienna ya Marekani, ya 2004 hadi 2020, ina usukani wa kushoto, unaotufaa, na nyuma ya safu ya tatu ina shimo refu: viti vyote vikiwa vimesimama bado unapata zaidi ya lita 1000 za mizigo. Safu yenyewe inazama katika shimo hilo ukitaka uwanja. Kwa nafasi, naiona bora kuliko zote. Lakini ina urefu wa zaidi ya mita tano, tumbo liko chini, injini ni V6 ya lita 3.3 au 3.5, na vipuri vyake utavisubiri wakati mwenye Noah ameshapata vyake na kurudi nyumbani. Anayekaa mtaa wa Golf kwenye lami aifikirie. Wa Ruashi asahau. La pili ni Hilux ya milango minne: watu ndani, mizigo nje, hakuna kinachomwangukia mtu kichwani. Ina viti vitano tu, na hatari yake tunaijua sote, maana wanaozidi hupandishwa nyuma pamoja na magunia.

Hiace ningeitaja kwa upendo zaidi kama dereva na abiria wa mbele hawangekalia injini, na pua ya gari isingekuwa magoti yao.

Mbwa hana shida kubwa kama wanavyodhani wanaotaka kununua gari kwa ajili yake. Mbwa wetu wengi ni walinzi. Wanasafiri siku ya chanjo ya kichaa na siku ya kuhama. Kunja nusu ya safu ya tatu, mfunge kamba fupi, weka kipande cha mpira chini, basi. Mbuzi wa Noeli ni kesi nyingine. Noah na Prado zote hazina ukuta kati ya abiria na mizigo, na mbuzi akisharuhusu mkojo kwenye zulia, mwezi wa pili watu watakuwa bado wanakuuliza.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye mkataba. Ukinunua gari la viti vinane umejinunulia cheo katika ukoo. Kila matanga, kila harusi, kila mgonjwa wa kupeleka hospitali, simu itakuja kwako kama ndugu mkubwa: "Yaya, si una Noah?" Mwenye Prado huombwa pia, lakini kwa aibu. Mwenye Noah huarifiwa. Kwa wengine hiyo ndiyo sababu ya kununua, na sina ugomvi nao. Ila mafuta ya ukoo yaingie kwenye hesabu ya mwezi.

Kwangu mimi, familia ya watoto wanne au watano inayokaa karibu na lami ichukue Noah ya 2007 na kuendelea, iache keria tupu, na mara moja kwa mwezi ikodi kamioneti ya kuleta makala na mifuko ya unga. Kodi hiyo ni ndogo kuliko tofauti ya bei kati ya Noah na Prado, na haichubui zulia. Mwenye shamba la kila wiki, au anayekaa ndani kabisa ambako Januari hapitiki, achukue jipu, lakini alinunue kama gari la watu watano wenye mizigo. Akitaka saba, mizigo itafute usafiri wake.

Ukienda kuangalia gari, usiende peke yako na fundi tu. Nenda na watoto wote, na bidoni mbili zilizojaa. Waingize, wafunge mikanda, tia bidoni, sukuma mlango wa nyuma mpaka ulie, kisha inama uangalie bomba la moshi limebakiza nini kufika ardhini. Muuzaji atasema mteja mwingine yuko njiani. Mwache aje.