Beast wa Harare: je, Zimbabwe iliporwa?

Kila mchezaji wa raga Tendai Mtawarira aliposhika mpira, uwanja ulinguruma "Beast!", yaani mnyama, jina lake la utani. Alizaliwa Harare mwaka 1985, lakini mechi zake zote 117 za kimataifa aliichezea Afrika Kusini. Wapo wanaosema Zimbabwe iliporwa. Wengine wanasema kijana alitafuta riziki yake, akaipata kwa jasho. Kila upande una haki yake, ila uzito haulingani.

Kanuni za raga wakati ule zilimruhusu aliyeishi nchini miaka 3 kuichezea timu ya taifa, awe raia au asiwe. Alivaa jezi ya Springboks, timu ya taifa ya Afrika Kusini, mwaka 2008. Uraia aliupata 2010, baada ya wanasiasa kuhoji uhalali wake. Walimwonea, maana hakuna kanuni ya mchezo aliyoivunja.

Hoja yenye uzito imo ndani ya skramu, pale mafowadi wa timu mbili wanapokamatana na kusukumana kugombea mpira. Winga mwenye mbio huwa nazo popote alipo, lakini propu, anayebeba msukumo mstari wa mbele wa skramu, hutengenezwa. Namna ya kuinama, kumkamata mpinzani na kusukuma kwa pembe inayomvuruga, hayo yote huyapata kwa kugongana kila wiki na wanaomzidi ujanja. Mtawarira alipofika Durban alikuwa fowadi wa nyuma ya skramu. Sharks, timu ya huko, ndio waliomgeuza propu. Juni 2009, katika mji huohuo, alimtesa Phil Vickery wa British & Irish Lions (timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland), bingwa wa dunia wa 2003, hadi Mwingereza huyo akatolewa mapema kipindi cha pili. Ufundi ule sidhani angeupata Harare, na sisemi hivyo kwa kuidharau Harare.

Lakini hapo ndipo panapouma. Ikiwa propu hutengenezwa na propu wenzake, kila anayeondoka huwanyima waliobaki mtu wa kujipima naye. Na hakuwa peke yake: David Pocock alilelewa Zimbabwe, familia ikahamia Australia, akawa flanka (fowadi wa ubavuni mwa skramu) wa huko. Zimbabwe, iliyocheza Kombe la Dunia mwaka 1987 na 1991, haikufuzu tena hadi 2025, ilipoifunga Namibia 30-28 na kukata tiketi ya 2027. Zaidi ya miaka 30!

Kwa sababu hiyo naunga mkono kuongezwa kwa muda wa ukaazi kutoka miaka 3 hadi 5. Tangu 2022, mchezaji anaweza pia kuhamia taifa alikozaliwa akikaa miaka 3 bila mechi ya kimataifa. Hili nalikubali kwa shingo upande. Novemba 2019 Mtawarira aliisambaratisha skramu ya Uingereza katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Yokohama, Afrika Kusini ikashinda 32-12, na siku chache baadaye akastaafu timu ya taifa akiwa na miaka 34. Hata kama kanuni hiyo ingekuwapo siku ile, Zimbabwe ingelazimika kumsubiri hadi afike miaka 37, na shingo iliyokwisha kubeba skramu za mechi 117.