Je, Kiambaza cha Pua Kilichopinda Hupindisha Uso?

Watu wazima wengi wana kiambaza cha pua, yaani ukuta unaotenganisha tundu la kulia na la kushoto, ambacho hakikunyooka sawasawa, na wengi wao hawajui kwa sababu wanapumua bila shida. Wanaojua, hasa waliokwisha kuona picha zao za CT skani, huuliza jambo jingine baada ya lile la kupumua: je, huku kupinda ndiko kulikofanya shavu moja lionekane bapa kuliko jingine, au taya likae upande? Wataalamu wamebishana juu ya suala hili tangu miaka ya 1950, na kwa maoni yangu uhusiano upo kweli, lakini ni wa utotoni zaidi, unahusu eneo dogo, na hauendi upande mmoja tu.

Kiambaza kimeundwa kwa sehemu tatu. Mbele ni gegedu, yaani tishu ngumu inayopindika kama ile ya sikio. Nyuma kwa juu ni bamba jembamba la mfupa wa ethimoidi linaloshuka kutoka chini ya fuvu. Nyuma kwa chini ni mfupa wa voma. Na vyote vimesimama juu ya ukingo wa taya la juu na kaakaa. Kwa hiyo kimebanwa juu na chini, na kikikua kupita nafasi iliyopo hakina budi kujikunja. Kutokana na mpangilio huo, mwanaanatomia J. H. Scott wa Belfast alidai kwamba gegedu la kiambaza ndiyo injini ya sehemu ya kati ya uso: hukua, hulisukuma taya la juu mbele na chini, na mifupa mingine hufuata. Majaribio ya wanyama yalimpa nguvu, kwani mwaka 1966 Sarnat na Wexler waliripoti kuwa sungura wachanga walioondolewa gegedu hilo walikua wakiwa na pua fupi.

Kwa binadamu wenyewe, ushahidi ulio wazi zaidi ni ripoti ya Grymer na Bosch ya mwaka 1997 kuhusu mapacha wa kufanana. Mmoja alipata jipu kwenye kiambaza akiwa na miaka 7, gegedu likaharibika. Mwenzake alibaki mzima. Baada ya kufuatiliwa kwa miaka 10, yule wa kwanza alikuwa na pua iliyobonyea na taya la juu lililobaki nyuma likilinganishwa na la pacha wake. Ni kisa kimoja tu, lakini si rahisi kupata ulinganisho ulio safi kuliko huo.

Melvin Moss wa Chuo Kikuu cha Columbia hakukubaliana na Scott. Kwake yeye, mifupa ya uso hukua ikiitikia viungo laini na nafasi zinazoizunguka, kama vile ulimi, misuli na njia ya hewa, na gegedu hufuata tu huku likizuia pua isiporomoke. Upande huu una hoja mbili nzito. Kwanza, pua ya sungura imechongoka mbele ya uso kwa namna ambayo yetu haikuchongoka, na kisu chenyewe huacha kovu linaloweza kuzuia ukuaji. Pili, vipimo vinaonyesha kuwa gegedu hufikia ukubwa wake wa utu uzima karibu na umri wa miaka 2, ilhali uso huendelea kukua hadi ujana. Ni vigumu basi kulipa gegedu hilo sifa ya ukuaji wote wa miaka inayofuata.

Isitoshe, mara nyingine mifupa na misuli ndiyo hutangulia. Kwa mtoto aliyezaliwa na mdomo na kaakaa vilivyopasuka upande mmoja, ncha ya mbele ya kiambaza huvutwa kuelekea upande usiopasuka, kwa kuwa misuli ya upande huo ndiyo yenye mshiko, na nyuma yake kiambaza hubenuka kuelekea kwenye mpasuko. Hapo kiambaza ni matokeo, wala si chanzo.

Utafiti unaonishawishi zaidi ni ule wa Hartman, Holton na wenzao wa mwaka 2016, uliopima picha za CT skani za watu wazima 55. Kupinda kwa kiambaza kuliambatana na kutolingana kwa pande mbili za uso, ila hasa kwenye sakafu ya pua na kaakaa. Kwenye mifupa ya pembeni tofauti zilikuwa ndogo. Anayekilaumu kiambaza chake kwa shavu bapa ana ushahidi haba.

Ipo pia njia ya kuzunguka: kiambaza kilichopinda kikiziba pua, mtu hupumulia mdomo, na huenda hilo ndilo likabadilisha uso. Mtafiti Egil Harvold aliziba pua za tumbili na nyuso zao zikabadilika, lakini kila mmoja kwa namna yake, kutegemea alivyojizoeza kuweka taya na ulimi. Kwa watoto, pua huzibwa mara nyingi zaidi na vinyama vya nyuma ya pua kuliko na kiambaza.

Kwa mtu mzima, basi, upasuaji wa kunyoosha kiambaza ni tiba ya kupumua. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2023, likiwa na wagonjwa 378, lilionyesha kuwa unasaidia kuliko dawa za kupulizia puani. Unaweza pia kunyoosha pua ya nje pale ncha ya gegedu ilipoisukuma kando, ila mashavu na taya hauyagusi. Wanaohubiri mtandaoni kwamba kukandamiza ulimi kaakaani kutanyoosha kiambaza na uso pia hawajaleta jaribio la namna hiyo.

Kwa mtoto hali ni nyingine. Akianguka na kuumia pua, damu inaweza kukusanyika kati ya gegedu na utando unaolilisha. Ndani ya tundu huonekana uvimbe laini, mwekundu au wa samawati, mara nyingi pande zote mbili. Gegedu halina mishipa yake ya damu, na likitenganishwa na utando huo huanza kufa ndani ya siku chache, hasa usaha ukiingia, kama ilivyomtokea yule pacha. Kwa hiyo mtoto huyo anapaswa kuchunguzwa puani siku hiyo hiyo, na damu ikikutwa itolewe, kisha pua ijazwe pamba maalumu ili utando urudi kushikamana na gegedu.