Bethdei ya Sonic ichelewe tu, mradi waishike wanaompenda

Tarehe 23 Juni 2026 Sonic, yule mhusika wa gemu za video, anafikisha miaka 35, na mimi ombi langu kwa Sega, kampuni inayomtengeneza, ni moja tu, wasifukuzane na tarehe. Nimemfuatilia huyu kalunguyeye wa bluu muda mrefu, nampenda na sifichi, na ukizipanga bethdei zake kubwa moja moja tangu 2001 unaona kabisa kitu kinachojirudia: zawadi iliyolazimishwa kuwahi siku iliharibika, na zawadi tamu kuliko zote ilikuja imechelewa mwaka mzima na zaidi na hakuna mtu aliyenuna.

Kwa wale waliomjua kupitia filamu tu, Sonic alianza 1991 kwenye konsoli ya Mega Drive (Marekani waliiita Genesis), enzi ambazo Sega walikuwa wanakimbizana na Nintendo na wanatafuta sura ya kusimama mbele ya Mario, nyota wa gemu za Nintendo. Yuji Naka aliandika programu, Naoto Ohshima akamchora, Hirokazu Yasuhara akapanga steji, na muziki alitunga Masato Nakamura wa Dreams Come True, bendi kubwa kabisa ya Japani, na hapo ndo unaelewa kwanini zile nyimbo za gemu ya mwaka 1991 mpaka leo zikipigwa unatingisha kichwa. Baada ya hapo zikaja katuni za TV, vitabu vya katuni, midoli, filamu tatu za sinema, yaani gemu ikawa ukoo mzima.

Bethdei ya kumi, 2001, ilikuwa na uchungu ndani yake. Mwezi Januari mwaka ule Sega walitangaza wanaacha kutengeneza konsoli, Dreamcast ndo ya mwisho, alafu Juni wakatoa Sonic Adventure 2 kwenye hiyohiyo Dreamcast iliyokuwa inakata roho. Shabiki ulikuwa unasherehekea na unaaga kwa wakati mmoja. Na kabla mwaka haujaisha Japani wakaiona gemu hiyo kwenye GameCube ya Nintendo, mpinzani wa miaka yote. Lakini gemu yenyewe ilikuwa na moyo, ile steji ya City Escape unashuka mtaani juu ya kipande cha bati la helikopta mpaka lori kubwa linaanza kukufukuza kwa nyuma, na Shadow, kalunguyeye mweusi mpinzani wa Sonic, naye alizaliwa humo, na tazama Shadow alikofika sasa hivi.

Sasa tuje 2006, miaka 15. Hapa lazima nikae kidogo kwa sababu watu wengi wanaicheka tu hii gemu bila kuangalia ilifikaje pale. Waliipa jina lilelile la ile ya kwanza, Sonic the Hedgehog bila namba, kuonyesha ni mwanzo mpya, mashine mpya za Xbox 360 na PlayStation 3, hadithi kubwa, kila kitu kikubwa. Katikati ya kazi Yuji Naka akaondoka Sega kwenda kufungua studio yake. Alafu timu ikagawanywa, wengine wakapelekwa kutengeneza Sonic ya Wii. Waliobaki wakatakiwa wamalize ile gemu kubwa kuliko zote itoke Novemba, ndani ya mwaka wa bethdei na kabla ya Krismasi. Ikatoka kweli.

Ukiiwasha unaiona haraka ile kwa macho. Unamfuata mtu mjini anayetaka kukupa kazi, skrini inakuwa nyeusi inalodi, inarudi, yule mtu anasema maneno kidogo, inalodi tena, unafanya kazi yenyewe ndogo tu ya kupita kwenye vipete, ukimaliza inalodi, anakwambia asante, inalodi. Sonic anapanda ukuta ambao hakutakiwa kuupanda, anazama sakafuni, kamera inageukia isikojua. Na ndani ya fujo yote hiyo kuna muziki mzuri sana (hata Akon yumo, kwenye toleo jipya la wimbo wa Dreams Come True, Msenegali wetu kwenye bethdei ya kalunguyeye wa Kijapani, mimi hilo lilinifurahisha kinoma) na kuna mawazo mazuri ambayo hayakupewa muda. Hicho ndo kinaniuma. Wale watu hawakuwa wazembe, walinyimwa miezi.

Ushahidi upo. Miaka mingi baadaye shabiki mmoja alianza kuitengeneza upya gemu hiyohiyo kwa Unity, programu ya kutengenezea gemu, wanaiita Project '06, steji zilezile, wahusika walewale, ila sasa Sonic anageuka vizuri, anaruka pale unapotaka aruke, na watu walioitukana ile ya 2006 wanaicheza hii na wanashangaa kumbe chini kulikuwa na kitu. Mtu anakaa na gemu ya wenzie iliyokataliwa na dunia nzima, anaiosha taratibu, hakuna anayemuuliza itatoka lini. Mapenzi gani zaidi ya hayo.

Bethdei ya 20 mwaka 2011 walifanya Sonic Generations na nitaisema kwa ufupi maana haina tatizo: Sonic mnene wa zamani na Sonic mrefu wa kisasa kwenye gemu moja, steji za kila zama zimechorwa upya, kila moja unaipita kwa njia mbili. Hiyo walifanya Sonic Team wenyewe, timu ya ndani ya Sega, kwa hiyo mtu asinielewe vibaya kwamba Sega hawawezi. Wanaweza sana wakitulizwa.

Ila kitu kilichonifanya niandike yote haya ni 2016. Miaka 25, Julai, sherehe San Diego, inaonyeshwa laivu, sauti ya laivu yenyewe inakatakata, na mwishoni wanaonyesha trela ya gemu ya michoro ya bapa kama za 1991. Sonic Mania. Na waliokuwa wanaitengeneza ni Christian Whitehead, Mwaustralia ambaye mwaka 2009 alionyesha video ya Sonic CD inacheza kwenye simu kwa injini (programu inayoendesha gemu) aliyoiandika mwenyewe, bila kutumwa na mtu. Sega badala ya kumtisha walimpa kazi, 2011 Sonic CD yake ikatoka rasmi. Kwenye Mania akawa na kina Simon Thomley wa studio ya Headcannon na watu wa studio ya PagodaWest, wote wametoka kwenye dunia ya mashabiki wanaofungua kodi (maandishi ya programu) za gemu za zamani kuona zilivyofanya kazi. Muziki akapewa Tee Lopes, ambaye watu walimjua kwa kupiga upya nyimbo za Sonic na kuziweka YouTube. Katuni ya kufungulia gemu akachora Tyson Hesse, naye mchoraji aliyekua na Sonic. Jina lenyewe Mania lilitoka kwa Takashi Iizuka, mkubwa wa Sonic pale Sega, alivyoona gemu inatengenezwa na watu waliopagawa kwa ajili ya watu waliopagawa.

Ndani yake sasa. Unaingia Chemical Plant, steji ya gemu ya pili ya mwaka 1992, unajua kila kona, alafu unafika kwa bosi Eggman, adui mkubwa wa Sonic, na ghafla yale mapambano yanageuka kuwa gemu ya kupanga vidude vya rangi vinavyoshuka, moja kwa moja kutoka gemu nyingine ya zamani ya Eggman kwenye Mega Drive. Hakuna mkuu wa idara anayewaza kitu kama hicho kwenye mkutano. Hicho anakiwaza mtu aliyekaa na hizo gemu tangu mtoto, anajua na mwenzie atakayekutana nacho ataruka kwenye kiti.

Na Mania haikutoka 2016. Iliahidiwa majira ya kuchipua ya 2017 ikasogezwa tena, ikatoka Agosti 2017, watu wa kompyuta wakasubiri wiki mbili zaidi. Bethdei imeshapita, keki imeliwa zamani, na bado ikasifiwa kuliko Sonic yoyote ya miaka mingi iliyotangulia. Nani leo anakumbuka kwamba ilichelewa?

Hata sinema ni hivyohivyo. Aprili 2019 walipotoa trela ya kwanza Sonic alikuwa na meno ya binadamu na macho madogo yamekaa mbalimbali, watu wakapiga kelele, na dairekta Jeff Fowler ndani ya siku chache akasema Twita kwamba wamesikia na watambadilisha. Wakaisogeza filamu kutoka Novemba 2019 mpaka Februari 2020, wakamwita Tyson Hesse yuleyule wa Mania kuongoza kazi ya kumchora upya. Filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 300. Miezi mitatu tu ya subira, na ndo ikazaa filamu ya pili, ya tatu, na Keanu Reeves kuwa sauti ya Shadow.

Ungedhani baada ya hapo somo limeingia. Miaka 30, 2021, ilianza vizuri, tarehe 23 Juni walirusha bure YouTube tamasha la okestra ya nyimbo za Sonic, bendi ya Crush 40 wakapiga gitaa zao, na mtu yeyote mwenye bando akiwa Mbagala au Osaka aliona kitu kilekile muda uleule, hiyo naipa alama zote. Ila siku zilivyoenda wakaandaa Sonic Origins, mkusanyiko wa gemu nne za kwanza kabisa, na wakaipangia itoke tarehe 23 Juni 2022. Tarehe hiyo haswa. Mwezi mmoja kabla, tarehe 20 Mei, wakaziondoa gemu hizohizo za zamani kwenye maduka mengi ya kidijitali, chache tu zikabaki. Yaani gemu uliyoweza kuinunua peke yake kwa dola tano hivi kwenye kompyuta, sasa ili uipate lazima uchukue furushi la karibu dola 40. Kijana wa Kigoma au wa Kisumu mwenye laptopu ya mkono wa pili, ambaye dola tano alikuwa anajibana anazipata, huyo kwenye bethdei amefungiwa mlango. Nintendo nao walifanya jambo la aina hiyo kwa miaka 35 ya Mario, mkusanyiko wa gemu tatu ukauzwa mpaka tarehe 31 Machi 2021 basi, na sikuipenda kule wala huku. Bethdei ya gemu inatakiwa kuongeza watu wanaoweza kuicheza.

Na Origins ilitoka na mabagi, yaani hitilafu za programu. Simon Thomley, mtu yuleyule wa Mania, timu yake ilifanya kazi humo, akasema hadharani kwamba waliulizia mapema na mara nyingi kama tarehe inaweza kusogezwa, wakaambiwa haiwezekani, na kwamba hali iliyotoka nayo haikuwafurahisha. Hebu fikiria, unao watu walewale walioipa Sonic zawadi nzuri kuliko zote, wanakuomba muda, unawajibu kalenda. Miaka kumi na sita baadaye, hii ni 2006 inarudi na nguo mpya.

Kuna kingine humo kiliniumiza binafsi. Sonic 3, steji ya Ice Cap. Inaanza Sonic yuko juu ya mlima wa barafu anateleza kwa ubao, theluji inaruka nyuma yake, na ule wimbo unaingia, kinanda kile, mtu aliyewahi kuusikia anajua nasema nini. Kwenye Origins anateleza vilevile lakini wimbo ni mwingine, Ice Cap na Carnival Night na Launch Base zote zimebadilishwa muziki. Na ile ya zamani yenye wimbo wake wameshaitoa dukani. Kwa hiyo anayeanza leo kwa kununua kihalali anashuka ule mlima bila ule wimbo, na mimi naona amenyimwa nusu ya steji.

Kwa miaka hii 35 basi, nataka vitu vya kawaida kabisa. Zile gemu nne za mwanzo zirudi dukani kila moja peke yake, kwa bei ndogo, kama zilivyokuwa. Tamasha la bure YouTube lirudiwe maana lile halina mtu aliyeachwa nje. Watafutwe wale vijana wanaokesha na kodi za gemu, kuanzia huyo wa Project '06, wapewe mkataba na mshahara, majina yao yaandikwe makubwa. Na kama kuna gemu nyingine ya aina ya Mania inapikwa mahali na haijaiva, tarehe 23 Juni watuonyeshe trela tu, dakika moja inatosha, watuambie itatoka ikiwa tayari. Hata ikiwa 2028, mimi nitainunua siku ya kwanza.