Tangazo la ziwa limebandikwa ndani ya geti

Hivi hawa watu wa halmashauri wakisema "wananchi wameshirikishwa" huwa wanamaanisha wananchi gani? Rasimu ya sheria ndogo za matumizi ya ziwa, mambo ya nyavu, leseni, zile mita 60 kutoka ukingoni, wameiprinti kwenye A4 wakabandika kwenye ubao ulioko ndani ya geti la ofisi, halafu eti mwenye pingamizi alete kwa maandishi. Nani wa mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, anapita pale?

Na mkutano wameita saa nne asubuhi, muda ambao wavuvi wa dagaa ndo wamerudi wamelala fofofo na kina mama wako juani wanaanika, si mngengoja mbalamwezi jamani, kila mtu Kanda ya Ziwa anajua kipindi hicho mitumbwi ya dagaa iko nchi kavu watu wanacheza bao tu.

Gari la spika lipo, siku za kampeni linafika mpaka nyuma ya choo. BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, ina grupu la Wasapu, meseji moja tu. Ila subiri hizo sheria zianze kutumika uone, wa kukusanya faini mwaloni wanapajua vizuri sana, tena wanafika alfajiri kabla hata injini hazijazimwa.