Gari ya tope: petroli inaonewa

Mjadala ulianzia barazani Wete, Pemba. Kijana mmoja kanunua chesisi ya Hilux ya zamani, anataka aijenge iwe gari ya tope khasa, inyanyuliwe juu, mipira ya inchi 31, na injini anazo mbili za kuchagua zote za Toyota, 3L ya dizeli na 3RZ ya petroli. Hajamaliza hata kuuliza, baraza zima lishajibu dizeli. Sawa, lakini hakuna aliyemuuliza tope ya wapi.

Tuanze na dizeli mana haki yake ipo na si ndogo. Haina plagi za cheche wala koili, inawaka kwa kubana hewa tu, kwa hiyo ukiingia maji ya magoti haina cha kulowana. Pampu ya 3L haina kompyuta, ikishawaka inataka waya mmoja tu wa kuzimia. Inakula kidogo pia, lita ya dizeli peke yake ina nishati zaidi ya lita ya petroli kama asilimia 10 hadi 15, na kwa kutambaa na magunia ya mpunga nyuma, resi ndogo, mlima wa utelezi, mie sibishani na mtu.

Ninalobishia ni hili neno "dizeli ina nguvu". Kwa ukubwa wa injini 3L ni sisi (cc) 2,779, 3RZ ni sisi 2,693, karibu sawasawa. 3L inatoa kama farasi 90, 3RZ karibu 150. Na hata ule mvuto tunaousifia barazani, 3RZ inafika niutoni-mita 240 hivi na 3L haifiki 200. Ila 3L mvuto wake inautoa chini, mizunguko 2,400 kwa dakika hivi, na 3RZ mpaka ipande 4,000, ndo mana mtu akiendesha petroli kiuoga uoga anashuka akisema haina kitu.

Sasa tope yenyewe. Kule upande wa Micheweni kwenye mawe, dimbwi hata likiwa refu chini kuna jiwe, mpira unapata pa kukamata, tambaa na dizeli yako taratibu utatoka. Lakini mabonde ya mpunga wakati wa masika ni kinamo, na kinamo hakina chini. Kinaingia kwenye meno ya mpira kinajaa kinaganda, ukitazama tairi unaona donge la udongo wa kufinyangia mitungi, meno yote yamepotea. Hapo dawa ni moja tu, mpira uzunguke kwa kasi mpaka udongo urushwe wenyewe utoke, na kasi hiyo inatoka kwenye mizunguko ya injini. Piga hesabu kwa mfano, loo (ile gia ndogo ya foo-wili) ya 2, gia ya pili nayo 2, difu 4, jumla injini inazunguka mara 16 kwa mpira mara moja. Dizeli ukiikamua kwenye 3,800 mpira unakwenda kama wa gari ya kilomita 34 kwa saa, petroli kwenye 5,200 unafika kama 47, gia ile ile. Utaniambia dizeli nitatia gia ya tatu. Yakhe, tia. Ukikanyaga klachi tu katikati ya kinamo gari ishasimama, na ikisimama pale ni majembe na kamba.

Wamarekani wanaoshindana kwenye tope wengi wanaweka V8 za petroli, ile Chevrolet ya lita 7.4 na nyenzake. Si kwamba dizeli hawaijui, Cummins ya lita 5.9 wanayo na wapo wanaoitumia, ila injini tupu inafika karibu kilo 500 na uzito wote huo umekaa mbele, gari inaanza kuzama pua.

Halafu maji. Hapa ndo watu wa dizeli wanaponishangaza, mana wanasema petroli inazimika kwenye maji kama vile kuzimika ndo msiba. 3L inabana hewa mara 22 hivi, ukigawa utakuta pistoni ikiwa juu kabisa nafasi iliyobaki kwa kila silinda ni kama sisi 33. Vijiko viwili vya chakula! Maji yakipita kwenye filta yakazidi vijiko viwili, pistoni inapanda inakuta maji, na maji hayabaniki, kinachopinda ni konrodi, ule mkono unaoishika pistoni. 3RZ inabana mara 9 na nusu, nafasi ni kama sisi 79, zaidi ya mara mbili, na mara nyingi kabla ya kufika huko plagi zishalowa moto ushakata, imezimika. Unashuka, unafuta, unakausha, unawasha. Dizeli yenyewe haina cha kuizima, inaendelea kuvuta mpaka ivunjike, kisha unaanza kusubiri spea zivuke na meli. Snokeli, lile bomba la kuvutia hewa kutoka juu, zote mbili zinahitaji, lakini kosa la petroli linasameheka.

Petroli ina adha zake, siwafichi. 3RZ ina kompyuta na sensa, kompyuta lazima ipandishwe juu mbali na sakafu, na kabla ya kuingia majini funga turubai mbele ya radieta feni isirushe maji kwenye koili. Na kinywaji inakunywa kweli, ZURA wakitangaza bei mpya kila mwezi utakuwa wa kwanza kusikiliza. Afueni ni kwamba ikikuishia shamba, petroli ya chupa ya bodaboda haikosekani, dizeli mpaka urudi sheli.

Kwa hiyo nilimuuliza lile ambalo baraza halikumuuliza. Kama gari itashusha mpunga na karafuu kila siku ya Mungu achukue 3L asifikiri mara mbili, na akiletewa 2L-T, dizeli nyengine ya Toyota, eti kwa sababu ina tabo aikatae, ile hedi zake kupasuka ni jambo linalojulikana. Akasema mzigo ana gari nyengine, hii ni ya bondeni, Jumamosi na Jumapili na wenzake. Basi 3RZ. Na pesa itakayobaki anunue snokeli mwanzo, kabla ya zile taa za juu anazozitolea macho.