Tusiikodishe Bendera Yetu Hadi Angani

Wiki iliyopita, kijiweni Magomeni, kijana mmoja anayesoma sheria alirusha swali katikati ya mazungumzo ya mpira: mtu akimuua mwenzake ndani ya chombo kilicho angani, anashtakiwa wapi? Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja tunayemheshimu sana pale, wakili mstaafu, akamjibu, "Mwanangu, wewe soma sheria ya ardhi. Mwezini hakuna anayegombea kiwanja." Kijana akainamia kikombe chake cha kahawa, hakusema tena. Mimi niliudhika, na mpaka leo sijatulia, kwa sababu swali lile lilistahili jibu, na jibu lenyewe linatugusa sisi watu wa pwani kuliko mzee wangu alivyodhani.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba tuna mengi ya karibu zaidi. Kesi za ardhi zimejaa mahakamani na mahabusu wanangoja upelelezi ukamilike. Lakini sheria haisubiri zamu.

Na huko juu sheria ipo. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unakataza nchi yoyote kujimilikisha mwezi au sayari. Ila ibara ya 8 inasema nchi iliyosajili chombo inabaki na mamlaka juu ya chombo hicho na watu waliomo. Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, makubaliano ya 1998 yanaipa kila nchi mshirika haki ya kumshtaki raia wake, popote alipo kituoni. Akimdhuru raia wa mshirika mwingine, nchi hizo mbili zinakaa kushauriana, na yapo mazingira ambamo nchi ya aliyedhuriwa inaweza kuichukua kesi. Kanada mwaka 2022 ilirekebisha sheria yake ya jinai ili mwanaanga wake akitenda kosa mwezini ahesabiwe kama amelitendea nyumbani.

Haya si mambo ya kufikirika. Mwaka 2018 kilionekana kitundu cha milimita 2 kwenye chombo cha Urusi kiitwacho Soyuz kilichokuwa kimetia nanga kituoni, na huko Urusi zikaenea shutuma kwamba mwanaanga wa Marekani ndiye aliyekitoboa. Mwaka uliofuata mwanaanga mwingine wa Marekani alituhumiwa kuingia kwenye akaunti ya benki ya mwenza wake akiwa angani. Wapelelezi wakaifanyia kazi tuhuma hiyo, na mwaka 2020 aliyeshtakiwa ni yule mtoa tuhuma, kwa kudanganya. Ukiwa raia wa Marekani au Japani, ukitendwa au ukitenda, unajulikana ni wa nani.

Sasa rudini kwenye lile neno usajili. Mamlaka yote ya ibara ya 8 yameshikiliwa na daftari la usajili, kama vile mamlaka juu ya meli yanavyofuata bendera yake. Na kama kuna watu duniani wanaopaswa kushtuka wakisikia hivyo, ni sisi.

Mwaka 2012 meli 36 za mafuta za Iran zilikutwa zikipeperusha bendera ya Tanzania. Wakala aliyekuwa Dubai alikuwa amezisajili kwa jina letu, Marekani ikatujia juu kwa sababu ya vikwazo vyake dhidi ya Iran, na Serikali ikalazimika kuzifuta. Mtu angedhani tumejifunza. Haikupita miaka sita, meli zenye bendera yetu zikakamatwa tena, moja na dawa za kulevya upande wa Jamhuri ya Dominika, nyingine huko Ugiriki na shehena ya malighafi za vilipuzi. Januari 2018 Serikali ikasitisha usajili wa meli za nje. Mabaharia wa meli zile walikuwa chini ya sheria za Tanzania bila hata kuijua Tanzania. Angelipigwa mmoja wao hadi kufa katikati ya bahari, polisi gani wa kwetu angekwenda kuchukua maelezo ya mashahidi? Jina letu lilikodishwa, na wajibu uliokuja na jina hilo haukuwa na mtu wa kuubeba.

Ninachokiogopa ni hicho hicho kupanda juu. Kituo cha Kimataifa kinatarajiwa kufungwa mnamo 2030, na kampuni binafsi tayari zinajenga vituo vyake. Humo hawataingia wanaanga wa serikali peke yao. Wataingia mafundi, wapishi, wahudumu wa watalii, watu wa mikataba ya kazi, na siku moja atakuwamo mtoto wa Temeke. Kila kampuni itatafuta nchi ya kusajili yenye kodi nyepesi na ukaguzi hafifu, maana hivyo ndivyo wenye meli walivyofanya.

Wataalamu watanijibu kwamba mkataba wa usajili wa 1975 umebana, kwamba chombo kinasajiliwa na nchi iliyokirusha, au iliyoagiza kirushwe, au ambayo ardhi yake ilitumika kukirusha. Ni kweli. Lakini tazameni ramani. Sisi tuko karibu na Ikweta, na mashariki yetu ni bahari tupu, mahali ambapo warushaji wa roketi wanapapenda. Waitaliano walilijua hilo zamani. Jukwaa lao la San Marco, baharini karibu na Malindi, ndilo lililorusha setilaiti iliyopewa jina la Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Kesho kampuni ikija kuomba kipande cha pwani Mtwara au Mafia, na sisi tukasaini kwa furaha ya ajira, tumekuwa nchi iliyorusha. Kinachoruka pale kikianguka juu ya nyumba ya mtu popote duniani, mkataba wa 1972 unaibebesha nchi iliyorusha fidia bila hata mlalamikaji kuthibitisha uzembe. Kanada iliwahi kudai dola milioni 6 baada ya setilaiti ya Kisovieti yenye kinu cha nyuklia kuangukia ardhi yake mwaka 1978, ikalipwa milioni 3. Na Desemba 2024 wanakijiji wa Mukuku, kule Makueni nchini Kenya, waliangukiwa na pete ya chuma ya takriban kilo 500 kutoka angani. Chini ya mkataba ule mwanakijiji hawezi kudai mwenyewe, ni mpaka serikali yake imsemee.

Halafu fungueni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 6. Mahakama zetu zina mamlaka juu ya kosa la raia wa Tanzania akiwa nje ya nchi, na juu ya kosa la mtu yeyote ndani ya ndege iliyosajiliwa Tanzania. Chombo cha anga hakimo. Mgeni akimuua mgeni ndani ya chombo tulichokisajili sisi, kwa ibara ya 8 mwenye mamlaka ni nchi iliyosajili, na hakimu wa Kisutu hana pa kusimamia. Tunazungumza kurusha setilaiti yetu wenyewe huku pengo hilo likiwa wazi! Na kuliziba tunajua. Mwaka 2010 tulirekebisha sheria hiyo hiyo ili mahakama zetu ziweze kuwahukumu maharamia waliokamatwa mbali na maji yetu.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili, na ninawaomba wabunge wa pwani wayabebe. Kifungu cha 6 kiguse chombo cha anga kama kinavyogusa ndege. Na daftari la vyombo hivyo, siku litakapofunguliwa, likae katika ofisi ya umma hapa nchini, chini ya mtumishi anayeweza kuitwa bungeni kujieleza, wala asipewe wakala yeyote wa nje kulijaza kwa niaba yetu.